Mikate ya Mahindi ya Askofu Gaudino

Mji wa Valdehiguera ulianza kumchukia Don Baltasar Urrieta siku alipoomba kuonyeshwa kitabu cha shemasi Elpidio.

Kabla ya hapo walimwona mzee mwenye wazimu usiodhuru mtu. Alikuwa padri wa kanisa kuu, mwembamba, mkali wa ulimi, na maisha yake yote aliyamalizia kwenye kazi moja: kukusanya jina la kila mtu aliyewahi kuandika kitabu katika Hispania tangu enzi za Warumi, na chini ya kila jina kutaja alichoandika. Sasa alikuwa amefika herufi E.

Kitabu cha Elpidio ndicho kilichouinua mji. Ilisemekana shemasi huyo alikiandika zama za Warumi, kikakutwa ndani ya ukuta wa monasteri, nacho kilisimulia jinsi Askofu Gaudino alivyouawa na Warumi papo hapo Valdehiguera. Tangu kisomwe hadharani, mahujaji walimiminika, nyumba za wageni zikajaa, na aliyekigundua, Padri Ildefonso Carranque, mkuu wa monasteri, akawa mtu wa kubusiwa mkono kila apitapo.

"Utasoma hapa hapa mbele yangu," Ildefonso alimwambia.

Baltasar alisoma asubuhi nzima. Alipokaribia mwisho aliinua uso.

"Padri, hapa askofu anawagawia maskini mikate ya mahindi."

"Alikuwa mkarimu."

"Mahindi yamekuja na merikebu kutoka ng'ambo ya bahari, zama za babu zetu. Warumi waliyapata wapi?"

Ildefonso alinyoosha mkono akakifunga kitabu. "Macho yako yamechoka, Don Baltasar. Nenda kapumzike."

"Macho yangu mazima. Na hiki Kilatini nakijua, ni chako. Nimekisinzilia kanisani miaka mingi."

"Toka nje."

Kufikia jioni mji mzima ulikuwa umesikia kwamba Urrieta amemtukana mtakatifu. Monasteri ikamfungia maktaba yake. Watu aliowabatiza wakawa wanavuka barabara wakimwona. Dirisha lake lilivunjwa kwa mawe, na aliyelirekebisha alikataa kuitikia salamu yake.

Aliyeumia zaidi ni dada yake, Leocadia, mjane aliyekuwa akimtunzia nyumba. Siku moja alirudi kutoka sokoni gauni likiwa limelowa, linanuka.

"Muuza samaki kanimwagia matumbo," alisema. "Kaniambia, mpelekee kaka yako, ale chakula cha wasio na imani. Wenzake wakacheka. Kaka, andika tu jina la Elpidio. Mstari mmoja. Nani atakufa?"

"Hakuwahi kuwepo."

"Mimi nipo. Mimi ndiye ninayenuka."

Baltasar alipobanwa, kawaida yake ilikuwa kuuma kwa maneno. "Basi nenda kwa binti yako kule Carmona, huko hawajui kusoma, mtaelewana."

Leocadia alifungasha vitu vyake, akaondoka. Baltasar alidhani hasira zingemwisha baada ya siku chache. Hakurudi.

Kisha Ildefonso akaja mwenyewe. Hakusalimu wala hakukaribishwa kiti.

"Mwingize Elpidio, maktaba zote zitafunguka na kitabu chako kitachapwa," alisema. "Ukikataa, Baraza la Imani, lile linalowachoma wazushi, litajua unavyowasema watakatifu. Wale hawabishani na mtu kuhusu mahindi."

"Nilikuwa nafikiria kukuingiza wewe."

"Mimi?"

"Chini ya I. Umeandika kitabu, na kizuri. Kile kifo cha askofu kilinitoa machozi. Nilikasirika sana."

"Sehemu gani?" Ildefonso aliuliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Pale anapomwinamia askari anayempeleka kuuawa, anamfungia kamba ya kiatu."

"Pale nilipaandika nikafuta, nikaandika tena, karibu nipagawe..." Akaishia hapo. Uso ukamwiva. Wakatazamana, na kila mmoja alijua kilichokwisha kusemwa.

"Ukichapa hilo," Ildefonso alisema polepole, "nitahakikisha unakufa bila mtu wa kukuzika."

"Mlango uko nyuma yako."

Baltasar alipomaliza herufi I alituma karatasi zake kwa mchapaji wa mbali, asiyejua wala kujali habari za Valdehiguera. Kitabu kilipotoka, nacho kwa Kilatini, chini ya I kilisema hivi: Ildefonso Carranque, mtawa wa zama zetu, aliandika kwa Kilatini safi kisa cha Askofu Gaudino, akakipa jina la mtu mwingine.

Mahujaji hawakupungua, wao hawasomi Kilatini. Lakini wakubwa wa watawa wanakisoma. Walimvua Ildefonso ukuu wakampeleka kwenye nyumba yao ndogo milimani, akae huko hadi kufa. Baraza la Imani nalo likamwita Baltasar, likamhoji mara nyingi, mwishowe likampiga marufuku kuadhimisha misa. Aliishi kwa dengu na mkate mkavu, kwa sababu hakuna aliyemuuzia samaki. Maandamano ya Askofu Gaudino yakawa yanasimama chini ya dirisha lake kwa makusudi, watu wakiimba kwa sauti ya kumkomoa, naye akiendelea kuandika.

Mwaka fulani mtawa mmoja kutoka milimani alipita, akamwambia kwamba Ildefonso aliona nakala ya kile kitabu kwenye maktaba ya huko, akaukata ukurasa wenye jina lake. Hakuuchoma. Anauweka kitandani, chini ya mto wake.

Baltasar alichovya kalamu kwenye wino.

"Ona huyo," alisema. "Sasa anaharibu na vitabu vya wenzake."