Wasabato Wawili, Jiko Moja

Kanze wa Kikoneni alikuwa mpishi, na alijijua. Katika majumba ya kupangisha wageni pale Diani, ukiuliza ni nani anayepika mbaazi mpaka mtu mzima akasahau adabu akalamba sahani, ulielekezwa kwake moja kwa moja. Sasa mtu wa namna hiyo, umwambie asiwashe jiko!

Ndivyo alivyofanya Mama Hannah. Alikuwa bibi wa Kiyahudi, mzaliwa wa Nakuru na mkazi wa Nairobi, na Kiswahili chake kilikuwa cha bara lakini kimenyooka. Aliikodi nyumba kwa mwezi mzima, akaja na sufuria zake, sahani zake, hata nyama yake iliyogandishwa. Kila asubuhi aliingia jikoni na kiberiti, akawasha moto kwa mkono wake mwenyewe, ndipo Kanze akaruhusiwa kupika. Kanze alivumilia, akavumilia, mwisho uzalendo ukamshinda.

"Kwani mikono yangu ina nini, mama?"

"Haina neno, mwanangu. Ndiyo sheria yetu. Ukitupikia wewe, lazima Myahudi awe ndiye aliyeuwasha moto."

"Bwana Yesu alivitakasa vyakula vyote."

"Hivyo mnasema nyinyi," akajibu bibi, akarudi kwenye kahawa yake.

Toka siku hiyo hawakuachana. Kanze akikatakata vitunguu, Mama Hannah akikaa kwenye kigoda mlangoni, Maandiko yalivutwa huku na huku. Kanze alisema mtumishi aliyeteswa katika kitabu cha Isaya ni Yesu, hata mtoto mdogo anajua. Mama Hannah alisema ni taifa la Israeli, na akasoma aya yenyewe kwa Kiebrania, jambo ambalo Kanze aliliona ni uonevu mtupu. Mara nyingi bibi ndiye aliyeshinda kwa hoja. Lakini Kanze hakuwa mtu wa kukubali kushindwa, na kesho yake alikuja na aya mpya.

Jambo moja tu alidhani litawapatanisha. Kanze alikuwa Msabato, wala si Msabato wa kusukumwa. Alibatizwa mtoni angali msichana, kwao hakuna mwingine wa dhehebu hilo, na baba yake akamnunia mwaka mzima kwa sababu Jumamosi wenziwe walikwenda shamba naye akaenda kanisani. Hakutetereka. Alipomweleza Mama Hannah kwamba na yeye huishika siku ya saba, tangu jua la Ijumaa linapotua, alitarajia walau kukumbatiwa.

"Vizuri," alisema Mama Hannah. "Lakini Sabato ni ishara baina ya Mungu na wana wa Israeli. Nyinyi hamkuamriwa."

Kanze alikimenya kitunguu kilichofuata mpaka kikabaki kiini.

Alhamisi ndipo mambo yalipoharibika. Johnstone, msimamizi mpya wa nyumba, kijana wa bara mwenye funguo nyingi kiunoni, alikuja na habari. "Kanze, Jumamosi uko kazini. Watoto wa huyo mama wanakuja lunch, na yeye siku hiyo hagusi moto wala swichi ya taa. Anataka Mkristo mmoja awe hapo."

"Jumamosi sifanyi kazi. Niliafikiana na mwenye nyumba."

"Hiyo story ya zamani. Usipokuja Jumamosi, Jumapili usijisumbue kuja."

Kanze alifuta mikono kwenye leso. Kazi ile ndiyo iliyokuwa ikimlisha yeye na mama yake kule Kikoneni. Alikwenda moja kwa moja kibarazani, akamkuta Mama Hannah anasoma.

"Shikamoo mama. Nina neno. Unataka mimi niivunje Sabato ili wewe uishike?"

Bibi akashusha miwani. "Lakini wewe hukukatazwa. Wakristo wote niliokaa nao Nairobi siku yao ni Jumapili. Hata hiyo Jumamosi yako, Mungu hakukutwika."

"Anayejua nimetwikwa nini ni aliyenitwika."

Mama Hannah alikifunga kitabu chake.

Ijumaa Kanze alikuja alfajiri kama desturi yake, kwa sababu Ijumaa ni siku ya maandalio, na maandalio aliyajua. Alichambua mbaazi, akazichanganya na nyama na viazi kwenye sufuria nzito. Alasiri alilitoa jiko la makaa uani. Safari hii hakungoja kuvamiwa. Alikichukua kiberiti mwenyewe akamkabidhi bibi.

"Washa, mama. Makaa yakikolea nitayafukia kwa majivu. Mtakula chakula cha moto kesho mchana, na hakuna atakayegusa kitu. Sisi Wasabato ndivyo tunavyofanya."

Mama Hannah aliinua kifuniko, akachungulia ndani ya ile sufuria. "Nyanya yangu alifanya hivi hivi," alisema polepole. "Nani amekufundisha?"

"Sabato," alisema Kanze.

Johnstone alimkuta getini na kikapu chake. "Kwa hivyo umeamua?"

"Niliamua zamani, mdogo wangu, wewe hujazaliwa." Akapita, kichwa juu, na hakugeuka nyuma hata mara moja. Machozi yalimtoka alipofika barabarani, lakini hayo Johnstone hakuyaona.

Jumamosi aliimba kanisani kuliko siku zote. Jumapili alirudi kuchukua kisu chake na mbuzi yake ya kukunia nazi, kwa kuwa vitu vyake hakuwa tayari kumwachia mtu. Johnstone alimfungulia geti bila kumtazama usoni. Jikoni, Mama Hannah alikuwa amesimama.

"Jana yule msimamizi wenu aliniletea mfanyakazi mwingine," alisema. "Nikamrudisha mlangoni. Nikamwambia mpishi wa nyumba hii ameshika Sabato, na jikoni pake hakuna wa kuwasha kitu mpaka atakaporudi. Usiku, Sabato ilipokwisha, nikampigia mwenye nyumba pia. Jumamosi zako ni zako."

Kanze alikivuta kigoda, akakaa.

"Torati inasema mjakazi wako apumzike kama wewe," bibi aliendelea. "Nimeisoma aya hiyo tangu utoto wangu, na sikuwahi kumwona mjakazi mwenyewe. Ila usivimbe kichwa. Bado nasema hamkuamriwa."

"Na mimi bado nasema Isaya alimwona Yesu."

"Hakumwona."

"Alimwona, mama."

Kanze alijifunga leso kiunoni, akavuta vitunguu. Kisha akakichukua kiberiti, akamnyooshea bibi kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mwenziwe kitu cha heshima.

"Haya, washa. Mimi sijashindwa bado."