Toa Kwanza Mbao ya Mbele

Mimi Donat, fundi wa bunduki hapa Goma, sipendi mutu ashike bunduki mbele yangu, aitikise kama chupa ya dawa, halafu aniambie, "Iko nzima." Nzima kwa nani? Nimefukuza watu kwa sababu ya neno hilo, hata wakubwa wa kambi ya askari ya Katindo. Bunduki ya risasi moja, ile inayofunguka katikati, haijaribiwi hivyo. Unatoa kwanza mbao ya mbele, ile inayokaa chini ya mututu. Mbao ile inakaza kila kitu, na ikikaza, inaficha ugonjwa.

Mwaka wa pili baada ya lava ya volkano, asubuhi moja ya jeudi, siku ya ine ya juma, mvua ikipiga mabati, mama mumoja aliingia kwangu. Alikuwa amevaa nguo nyeusi, amebeba kitu kirefu ndani ya kitambaa cha kikwembe. Hakukaa kwenye kiti nilichomupa.

"Ninaitwa Nyirakamana, natoka Kanyaruchinya," alisema. "Bunduki hii iliua bwana yangu."

Nilirudisha mukono haraka. Kwetu, chuma kilichoua mwenye nyumba hakitoki nyumbani mpaka matanga yaondolewe. Kinalala chini ya kitanda cha marehemu, na mwenye kukitoa mapema anaita kifo cha pili.

"Matanga yanaondolewa lini, mama?"

"Siku ya yenga, baada ya misa."

"Basi urudi kesho yake, lundi."

"Lundi, papa Donat, sitakuwa na nyumba ya kutokea."

Ndipo aliponieleza. Bwana yake, Damascène, alikwenda kufukuza nguruwe wa pori waliokuwa wanamaliza viazi. Akapiga risasi moja tu. Moto ukarudi nyuma, ukamuingia jichoni. Siku ya pili akafa. Baba mukwe, muzee Cyprien, akashika bunduki mbele ya jamaa yote, akaitikisa, haikucheza hata kidogo. Akasema, bunduki nzima hairudishi moto kwa mwenye nayo, kuna mutu aliyeurudisha kwa uchawi. Watu wote wakaangalia muke wa marehemu.

"Siku ya yenga watasema jina langu mbele ya watu," alisema. "Nitaondoka na nguo niliyovaa. Watoto watatu watabaki kwao. Wa mwisho bado ananyonya."

"Huyo muzee alitikisa na mbao ikiwa juu?"

"Ndiyo, papa."

"Ata! Mujinga wa muzee!"

Hapo nikasahau matanga, nikasahau na woga. Huo ndio ugonjwa wangu: mutu akichezea kazi yangu, damu inachemuka. Nikachukua bunduki.

Nikabana kitako chake kwapani, nikashika mudomo wa mututu, nikatikisa. Kimya. Nikalegeza visi, ule musumari wa kuzungusha, nikatoa mbao ya mbele, nikatikisa tena. *Ko, ko, ko.* Mama yule aliweka mukono kinywani.

"Umesikia? Lakini ngoja, kucheza si kumoja." Nilikuwa nimeanza kufundisha, na nikianza sinyamazi. "Mututu ukicheza juu na chini, ulimi wa kufungia umekwisha. Ukicheza kando kando, pini, ile inayozungukia mututu, imelegea. Huu unacheza mbele na nyuma. Huu ni mubaya kuliko yote, maana unaachana na ukuta wake, kile chuma cha nyuma kinachozuia kitako cha risasi."

Nikapasua karatasi ya sigara, nikaweka kipande kati ya mututu na ukuta, nikafunga. Ikapita. Mbili, zikapita. Kwa karatasi mbili mimi nafukuza bunduki mulangoni. Hapa ziliingia ine. Ganda la risasi likikaa mbele ya nafasi kama ile, linapasuka, na moto unatafuta njia. Njia iliyo karibu ni jicho la mwenye kulenga.

"Kwa hiyo si mimi," alisema polepole.

"Wewe? Aa wapi! Ngoja nikuonyeshe ni nani."

Nikawasha mushumaa, nikapaka moshi wake kwenye ndoano iliyo chini ya mututu, pale inapokumbatia pini. Nikafunga, nikafungua. Ndoano nzima inafutika weusi upana wote. Hii ilifutika mahali padogo tu, kama ukucha. Kulikuwa na kitu kimesimama mule ndani. Nikachokonoa kwa sindano mpaka kikatoka: kipande cha bati kilichokatwa kwenye mukebe wa maziwa, kimepondeka kabisa.

Hapo nikawaka.

"Ona ushenzi huu! Mutu aliona pini imekwisha, akaona uvivu kutengeneza ingine, akasukuma bati ili mututu ukae. Unakaa, ndiyo! Unakaa mwezi, unakaa miwili. Lakini kila risasi inaliponda bati, na mbao ya mbele inaendelea kuficha. Mutu huyu si fundi, mama. Ni muuaji."

"Muuaji?"

"Muuaji! Alijua. Hakuna fundi asiyejua kwamba bati ya maziwa haishindani na baruti. Angefungwa kamba, aletwe mbele ya watoto wa marehemu."

"Unaweza kusema maneno haya mbele ya baba mukwe wangu?"

"Hata mbele ya Papa wa Roma!"

Nikafuta lile bati kwa kidole gumba, nimuonyeshe vizuri. Chini ya weusi kulikuwa na alama tatu ndogo za musumari, zimekaa kama mafiga.

Kila kipande kinachotoka mukononi mwangu nakipiga mafiga yale, mutu asije akaniibia jina. Nikamukumbuka: mwanaume wa kofia kubwa, mucheshi, mbao ya bunduki yake imepasuka. Aliniomba, "Papa, nisaidie leo leo, nguruwe hawangoji." Pini mupya ilitaka juma zima. Nikaweka bati, nikamuambia, "Urudi kisha miezi miwili." Sikumuambia kwa nini. Nilisikia haya kusema kwamba mimi, Donat, nimeweka mukebe wa maziwa ndani ya bunduki ya mutu. Akacheka, akanishukuru, akaenda. Kulikuwa kumepita mwaka na zaidi.

Nikafunga ngumi. Jiko la makaa lilikuwa karibu na muguu wangu, na bati lile lilikuwa jepesi. Nilifikiri kulitupa, sitaficha. Nilifikiri sana.

"Ufungue mukono, papa Donat," Nyirakamana alisema. "Bwana yangu aliniambia aliitengenezea wapi. Mbao ndiyo aliyobadilisha yeye mwenyewe kisha, ndiyo maana hukuitambua."

"Ulijua? Tangu ulipoingia?"

"Nilijua jina. Sikujua kosa."

"Sasa kwa nini hukuniambia tangu mwanzo?"

Alianza kufunga bunduki ndani ya kikwembe, bila haraka.

"Ningekuambia mwanzoni, ungeitikisa na mbao ikiwa juu."

Alinyoosha kiganja, nikaweka bati pale. Akalitazama, akanirudishia.

"Uje nalo wewe mwenyewe," alisema. "Na useme yote, kama ulivyosema leo. Na lile neno la muuaji usiliache."

Ulimi uliponza kichwa, wazee walisema, na mimi kichwa changu nilikiponza mwenyewe kwa sauti kubwa. Siku tatu sikula vizuri. Siku ya posho, kesho yake ikiwa yenga, nilipanga vitu vyangu nikimbilie Masisi, nikavipangua. Kila nikilala namuona mutoto anatolewa kwenye ziwa la mama yake.

Siku ya yenga nilivaa abakosti yangu, nikapanda Kanyaruchinya. Lupango, uwanja wa nyumba yao, ulijaa watu. Nyirakamana alikuwa amekaa chini peke yake karibu na mulango, mutoto kifuani, na hakuna mutu aliyekaa kwenye mukeka wake. Ndugu za marehemu walikuwa saba, wamesimama kwenye njia ya kutokea, kila mumoja na fimbo yake ya ng'ombe. Muzee Cyprien alishika bunduki kwa mikono miwili, akaitikisa mbele ya wote.

"Iko nzima," alisema. "Mumeona wenyewe."

Nikasimama.

"Muzee, toa kwanza mbao ya mbele."

"Wewe ni nani?"

Nilipita katikati ya watu, nikapokea bunduki, nikalegeza visi, nikamupa mbao aishike. Nikatikisa, kila mutu akasikia. Halafu nikatoa bati mufukoni, nikaliweka kwenye kiganja cha muzee, alama tatu zikiwa juu, nikaanza kumuambia jina langu.