Gari la Kwenda Omo

Korona ilipowafukuza watalii, kampuni ya safari iliyomwajiri Baya huko Nyali iliwaaga madereva wake wote kwa siku moja. Baya alikuwa amewapeleka wageni Tsavo na Mara tangu ujanani, akisimama wanapotaka kupiga picha, akigeuza gari wanapochoka. Alirudi nyumbani kwake Changamwe na hamu moja ya siku nyingi: kuendesha gari kwenda mahali alipopachagua mwenyewe.

Jirani yake Kimani alikuwa na hamu iyo hiyo, au ndivyo alivyosema. Kimani alitoka Nyeri akiwa kijana, akafanya ukarani kwenye kampuni ya makontena mpaka akastaafu. Mkewe alikuwa amefariki, watoto wako Nairobi, nyumba imebaki kimya. Kwa kiinua mgongo chake alinunua Landkruza kuukuu ya dizeli, bodi ndefu, iliyowahi kuwa ya shirika la misaada. Aliiegesha uani kwake, akamwita Baya aje aitazame. Jioni ile ile walipanga njia: Isiolo, Marsabit, wavuke mpaka Moyale waingie Uhabeshi, washuke bonde la Omo, kisha warudi Kenya kwa ukingo wa Ziwa Turkana. Kimani ana gari, Baya ana mikono na uzoefu wa barabara mbovu. Walikubaliana kuondoka masika yakikatika.

Mwanzo kazi ilikwenda vizuri. Walibadilisha springi, maana gari lingebeba mzigo mzito. Wakafunga tangi la pili la dizeli na tangi la maji nyuma ya viti. Odhiambo, fundi wa kuchomelea pale Magongo, akawatengenezea keria ya juu ya kubebea magurudumu mawili ya akiba. Kila Jumamosi Baya alikuwa chini ya gari lile, na Kimani amekaa kwenye ndoo akimpa spana na kumsimulia mambo ya kazini. Baya alirudi nyumbani ananuka grisi, akala, akalala usingizi mzito. Mkewe Kafedha alifurahi kumwona hivyo, kwa sababu miezi ya kwanza bila kazi alikuwa akikaa tu kitandani akitazama dari.

Masika yakakatika. Kimani akasema hawawezi kwenda bila friji, maana huko kuna joto la kuozesha chakula kwa nusu siku. Friji ikataka betri ya pili. Betri ikataka sola. Sola ikakosa nafasi juu, ikabidi keria ikatwe na kuchomelewa upya. Kisha Kimani akaona kwenye simu Waaustralia wanaolala kwenye hema lililofungwa juu ya gari, na hema likaiziba sola. Baya hakuona ubaya. Yeye mwenyewe ndiye aliyetaka winchi ya kujivutia matopeni, na winchi ikataka bampa jipya la chuma. Mwaka ukaenda hivyo, na sehemu ya mwaka wa pili.

Siku moja Baya alikuwa akirudisha gari nyuma uani kwa Kimani, akaugonga mwimo wa geti aliokuwa akiupita kila wiki. Hakuuona. Nyumbani Kafedha alikuwa ameshamwona akimimina chai nje ya kikombe, akadhani ni haraka tu. Hospitalini daktari alimpima akamwambia ana presha ya macho, na kwamba imeshakula uwezo wa kuona pembeni na inaelekea katikati. Dawa ya matone ingeweza kuichelewesha, lakini kilichopotea hakirudi. Baya akauliza kuhusu kuendesha gari. Daktari, binti wa umri wa mwanawe Linda, akamwambia aache, na kama kuna kitu anachotaka kukiona, asikiweke mbele sana.

Alitoka pale akaenda moja kwa moja kwa Kimani, akamweleza yote.

"Twende mwezi huu," akamwambia. "Friji tuiache. Wewe utaendesha, mimi nitakuelekeza."

Kimani alimpa pole, na ilikuwa pole ya kweli, machozi yalimlengalenga. Kisha akasema hawezi kumchukua mgonjwa ndani ya gari ambalo halijakamilika. Likifia jangwani, nani atawatoa? Sasa ndipo wanapohitaji na simu ya setilaiti.

Kafedha alipoambiwa hayo aliweka chini mwiko. "Muombe gari uende na mdogo wako Munga," akasema. "Baba Linda, huyo mtu haendi."

Baya alimkasirikia. Alisema gari si lake na rafiki hatukanwi hivyo. Usiku ule alilala akiutazama ukuta.

Mwaka mwingine ukapita. Bolti alizokuwa akizifunga kwa macho akawa anazitafuta kwa vidole. Jumamosi moja alimaliza kukaza nati za magurudumu, na alipokuwa akinawa alimsikia Kimani akimpigia simu Odhiambo, kwa sauti ya chini, aje azikaze tena. Baya alijifanya hakusikia.

Kisha Kimani akaja mlangoni kusema gari liko tayari. Wakati huo Baya alibakiwa na tundu dogo la mwanga, nalo lina ukungu. Lakini alikubali. Alimwambia Kafedha kwamba ataisikia hewa ya huko, atayagusa maji ya ziwa, si haba. Kafedha akamfungashia nguo, na asubuhi majirani wa kanisani wakaja kuwaombea.

Walipita Mazeras, Mariakani, Samburu ya huku Pwani, na Baya alizitambua kila moja kwa matuta yake na harufu yake. Alikuwa na furaha ambayo hakuitegemea. Kimani aliendesha polepole, na kila walivyokwenda maneno yake yalipungua. Baada ya Maungu akasema anasikia mlio.

Baya akatega sikio. Ilikuwa dumu la maji juu, mkanda wake umelegea. Walisimama, Baya akapanda ngazi kwa kupapasa, akalikaza. Mlio ukaisha. Lakini mbele kidogo Kimani akasema bado anausikia. Walipofika Voi aliingia kituo cha petroli, akazima injini, akakaa. Baadaye akasema giaboksi hana imani nayo. Afadhali warudi Odhiambo aitazame, waondoke wiki ijayo.

"Hakuna mlio, Kimani."

"Wewe huusikii."

"Nimebaki na masikio peke yake," Baya akasema. "Hakuna mlio."

Malori yalikuwa yakipita barabarani. Baya alisikia mwenzake akizichomoa funguo. Ndipo Kimani akasema. Tangu siku aliyolinunua gari, akilala humwona mtu amekufa mchangani karibu nalo, na mtu mwenyewe ni yeye. Alidhani akiongeza vitu hofu ingepungua, na kila kitu kilichofungwa kilimkumbusha jambo jingine linaloweza kuharibika.

"Ungeniambia tu kwamba unaogopa," Baya akasema. "Ningekwenda na Munga, nikiwa naona."

"Nilijua ungekwenda," Kimani akasema. "Ungekwenda, ukarudi, na gari halina kazi tena. Ungekuja kufanya nini kwangu Jumamosi?"

Baya aliupapasa mkanda wa kiti, akaufunga.

"Geuza gari," akasema.

Walirudi Changamwe. Kafedha alilisikia gari kabla ya magharibi, akatoka, akampokea mumewe begi na kumshika mkono hadi ndani. Hakumkumbusha alilomwambia. Wiki zilizofuata Kimani alikuja mara kadhaa, na kila mara aliambiwa Baya amepumzika. Alituma ujumbe kwamba Munga anaweza kulichukua gari ampeleke. Baya akajibu kwamba hana haja ya kupelekwa mahali akasimuliwe kilichopo.

Mwishowe Kimani aliliuza kwa mume na mke vijana wa Nyali. Hao hawakuongeza hata skrubu. Waliondoka wiki ile ile.

Mwezi uliofuata, mchana, Kimani alibisha hodi kwa Baya na simu mkononi, uso umechangamka. Wale vijana walikuwa wamemtumia picha. Kafedha aliipokea simu akatazama. Gari lilikuwa ukingoni mwa Ziwa Turkana, milango wazi, hema limekunjuliwa juu, na maji nyuma yake ya kijani asichowahi kukiona baharini. Alipoinua macho Kimani alikuwa ameshaelewa alichokileta na amemletea nani, na uso ulikuwa umemshuka.

"Nani huyo?" Baya akauliza kutoka kwenye kiti chake.

"Mtu tu, alikuwa anapita," Kafedha akamjibu. Akamrudishia Kimani simu yake, akafunga mlango.