Doa la Njano

Pale maabara walimwita Msafi, na jina lilimkaa kama shati lililopigwa pasi. Sahani zake za kuoteshea bakteria hazikuwa na doa la kigeni. Likiota hata moja, sahani nzima ilikwenda jalalani.

Mkuu wa maabara alitaka bakteria fulani wadogo wa tope la ziwa. Atakayewaotesha angepewa chumba kipya, na Msafi alikuwa ameshapima pa kuweka meza yake. Lakini kila alipowahamishia kwenye sahani safi, walikufa.

Kwenye meza ya pili alikaa mke wa kaka yake. Kwenye sahani yake walikuwa wameota.

Roho ilimuuma Msafi. Alijiambia kwamba shemeji ana bahati tu. Mtu gani wa maana anaimba kazini? Jioni kaka yake alipokuja kumchukua mkewe na kumbebea mkoba, Msafi aliuchukia hata mkoba.

Kesho yake shemeji alipotoka kwenda kula, Msafi aliinua ile sahani kwenye mwanga. Katikati palikuwa na doa la njano, nono, la bakteria wengine kabisa. Moyo ukamtulia. Akaikimbiza kwa Mkuu, na shemeji akarudi akawakuta.

"Shemeji yangu anafuga takataka," Msafi alisema.

Mkuu aliiangalia kwa lenzi. Wadogo waliokaribia doa walikuwa wamenenepa. Wa mbali walikonda. Pembeni hapakuwa na kitu.

"Hawawezi kujitengenezea kila wanachohitaji," shemeji alisema. "Huyo wa njano anakitengeneza, kinavuja, wao wanadaka. Wewe shemeji ulikuwa unawafukuzia mpishi."

Mkuu akacheka mpaka akavua miwani. Chumba kikaenda kwa shemeji.

Msafi alizifikiria sahani zote alizotupa. Mwishowe akasimama mlangoni pa chumba kipya, mkononi ana sahani aliyoipaka tope. Shemeji hakumngoja aombe.

"Lete."

Akachovya waya kwenye lile doa la njano, akachora mstari mmoja katikati ya sahani.

Wadogo walipoota, Msafi alifungua kabati la joto akiwa peke yake. Tope lilikuwa lake, sahani yake, mkono wake. Lakini wote walikuwa wamejibana kwenye mstari wa shemeji, kama watoto kwenye kanga ya mama.

Akaifunika. Akaifunua tena. Wivu ulikuwa palepale, nao umenenepa.