Neva Iliyoitwa ya Ziada

Ngatia alikata ule uzi mweupe Jumanne moja ya mwezi wa tatu, mwaka 1974, saa nne asubuhi, wala moyo haukumdunda.

Alikuwa msaidizi wa daktari katika hospitali ndogo ya misheni karibu na Kangema, na watu wote walimwita daktari. Mgonjwa aliyelala mbele yake alikuwa Mama Theuri, mchuma chai wa makamo, mwenye tezi iliyovimba upande wa kulia wa shingo. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: ganzi, mkato wa inchi moja, tezi itolewe ikapimwe kifua kikuu. Ule uzi ulikuwa umeng'ang'ania tezi. Muuguzi Ngendo, aliyekuwa akimulika taa, akauliza ni nini.

"Ni accessorius," Ngatia akamjibu. "Ni ya ziada tu."

Hakuwa akijigamba. Chuoni, mwalimu wao aliwaonyesha mguu wa maiti wenye msuli ambao watu wengi hawana, akauita musculus soleus accessorius, akasema mtu anaweza kutolewa msuli huo na asione tofauti yoyote. Ngatia alikuwa mpenzi wa majina ya Kilatini, akiyakariri hata anapooga, na neno accessorius lilimkaa kichwani kwa maana hiyo moja.

Wiki sita baadaye Mama Theuri alirudi. Kidonda kilikuwa kimepona, kifua kikuu kilikuwa kimeonekana, na dawa alikuwa akimeza. Lakini aliketi kwenye benchi bega la kulia likiwa limeshuka.

"Daktari, hii mkono imekataa," alisema. "Kufunga kitambaa kwa kichwa, mpaka msichana wangu anisaidie. Kikapu ya chai nayo siwezi kubeba. Ama ni hizi dawa?"

Ngatia alimwomba ainue mkono. Ulifika karibu na usawa wa bega, ukatetemeka, ukagoma. Alipopita nyuma yake aliona mfupa wa bega umechomoza, na msuli unaotoka shingoni kwenda begani umekonda. 

"Wacha niangalie vizuri, mama. Rudi Ijumaa."

Mchana huo hakula. Alifungua kitabu chake cha chuo: nervus accessorius, mshipa wa fahamu, neva ya kumi na moja kati ya zile zinazotoka kichwani. Ilipewa jina hilo kwa sababu huungana na neva nyingine kubwa, na wataalamu wa zamani waliona ni msaidizi wake. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mtu anaweza kuishi vizuri bila hiyo. Ndiyo inayoendesha musculus trapezius, msuli unaoinua bega. Chini ya picha palikuwa na onyo: ikikatwa ishonwe mapema, maana miezi ikipita msuli hauamki tena.

Alikwenda kwa Daktari Kingori, msimamizi wa hospitali, akamweleza yote.

"Kwenye faili uliandika nini?" Kingori aliuliza.

"Tezi imetolewa, hakuna tatizo."

"Basi iache hivyo. Tutasema ni kifua kikuu. Mfundishe mazoezi. Ukikiri umekata, itabidi nikutoe kwenye upasuaji, na sina mtu mwingine."

Ngatia alirudi wodini. Kwa siku mbili alijaribu kuamini kwamba kweli ni kifua kikuu, na alikaribia kufaulu. Alhamisi alimkuta Ngendo akikunja bandeji.

"Mimi nilikuuliza," Ngendo alisema, bila kuinua macho. "Siku ile nilikuuliza."

Ijumaa, Mama Theuri alipoketi, Ngatia alifunga mlango.

"Mama, si dawa. Ni mimi. Nilikata neva ya bega lako nikidhani haina kazi."

Mama Theuri alishika bega lake la kulia. "Haina kazi," alisema taratibu. "Na iko ndani ya mwili yangu."

"Kuna daktari Nairobi anayeweza kuishona, tukiwahi. Nimeandika barua, nimeeleza kila kitu, nimetia sahihi."

"Nitaenda. Lakini kwanza utakuja nyumbani useme hivyo mbele ya bwana yangu. Anasema nimekuwa mvivu, ati najifanya."

Kesho yake Ngatia alipanda kilima hadi nyumbani kwa Mama Theuri. Mumewe, Moffat, alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni. Ngatia aliposema mara ya pili kwamba kosa ni lake, Moffat alimgeukia mkewe. Alichukua jembe akaenda shambani. Mama Theuri alisimulia baadaye kwamba jioni hiyo mumewe alirudi akateka maji mwenyewe.

Neva ilishonwa wiki ya tisa tangu ikatwe. Kingori alitimiza neno lake: Ngatia aliondolewa kwenye upasuaji, akawekwa chumba cha kufunga vidonda, na kwa mwaka mzima Kingori hakumsalimia. Mama Theuri alikuja kila wiki mbili kufanya mazoezi, na Ngatia alimshikia kiwiko. Mkono ulipanda polepole hadi usawa wa sikio, ukakoma hapo. Kikapu hakukibeba tena, na kazi ya kuchuma chai aliiachia binti yake.

Msamaha Ngatia hakuwahi kuomba, na Mama Theuri hakuwahi kuutaja. Ila aliacha kumwita daktari. Alimwita Ngatia, na akichelewa kufika alimtuma mtu ampashe habari asimsubiri bure.