Kibanio Namba Mbili

Watu wa chama chetu wanasema nilidanganya kwa sababu ya mapenzi. Waache waseme. Mapenzi ni neno zuri na linafunika mengi, na wao hawaishi nyumba moja na mtu niliyemdanganya. Nitaeleza mwenyewe nilichofanya, bila kujipaka mafuta.

Mume wangu ni fundi saa, mimi nashona mapazia. Kwa miaka ishirini na sita ya ndoa tumekusanya magari ya rimoti, yale yenye mota ya betri, marefu kama kiatu cha mtu mzima, na leo yapo arobaini na moja. Ukimwambia mume wangu kwamba hiyo ni midoli, hatakujibu, atakupa mgongo. Mwanzoni nilimcheka. Nilipoolewa nilikuta manne chini ya kitanda, nikamwambia achague, mimi au hayo. Akaniuliza kama naweza kusubiri jibu mpaka amalize kubadilisha tairi. Mwaka haujaisha, mimi ndiye niliyekuwa namwamsha Jumapili twende minadani kupekua masanduku ya vitu vikuukuu. Yeye alitengeneza ya ndani, mimi nilipaka rangi bodi na kushona viti vyenye ukubwa wa kidole gumba. Binti yetu alipoolewa, godoro lake halijapoa, magari yakahamia chumbani kwake. Mpaka leo ananinunia kwa hilo.

Chama ni watu sita, Jumamosi asubuhi, kwenye sakafu ya saruji nyuma ya ghala lililofungwa. Mwenyekiti ni mstaafu wa posta, mtu wa sheria kuliko hakimu. Mama Betri ni mjane anayetuchajia betri sote, na anayejua habari za kila nyumba. Waliobaki huja, hucheza na kwenda zao.

Magari yetu ni ya zamani. Ndani ya kila rimoti kuna kristali, kidude kidogo kama punje ya mahindi, na hicho ndicho kinachoamua rimoti ipige chaneli gani. Gari nalo lina chake cha namba ileile. Rimoti mbili zikiwashwa kwenye chaneli moja, gari linapagawa, halijui limsikilize nani. Kwa hiyo ukutani tumetundika ubao wenye vibanio vya nguo, kila kimoja na namba yake. Huwashi rimoti kabla hujachukua kibanio cha namba yako ukakibana kwenye antena. Mwenyekiti anaweza kumsamehe aliyemtukana, lakini si aliyewasha bila kibanio. Mume wangu ni namba tano tangu chama kilipoanza. Ubao wenyewe aliuchonga yeye.

Mwaka jana mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka, kisha wa kushoto. Daktari alitupa jina la ugonjwa na vidonge, akasema vitapunguza, havitaondoa. Hebu fikiria, fundi saa! Siku aliyoshindwa kushika skrubu kwa kibano, alivua lenzi yake, akaiweka mezani, akamwambia tajiri wake kwamba anaomba kupumzika. Siku hiyo hakulia. Alilia Jumamosi, tulipotoka uwanjani, baada ya kugonga ukuta mara tatu katika mzunguko mmoja huku wenzetu wakijifanya wanatazama mawingu. Aliniambia nitafute mnunuzi wa magari yote. Wiki tatu alikaa kwenye kile chumba, mlango wazi, chai ikipoa mbele yake, na nikimsemesha ananijibu kama mtu anayeongea na karani wa benki.

Mimi si mtu wa kukaa na kutazama. Tangu mikono yake iharibike, kazi ya Ijumaa ilikuwa yangu: kufunga betri, kukaza skrubu, kukagua rimoti. Tulikuwa na rimoti mbili za aina moja. Ijumaa ya wiki ya tatu nilichomoa kristali ya tano kwenye rimoti yake, nikaipachika kwenye ile ya pili. Ya kwake sikuweza kuiacha tupu, maana mshale wa kwenye kioo cha rimoti, unaoonyesha kwamba inapiga, usingepanda, na yeye hutazama mshale kabla ya kitu chochote. Nikapekua kopo la kristali, nikaweka ya namba mbili. Mwenye namba mbili alihama mji miaka minne iliyopita na kibanio chake kilikuwa kimepauka kwa kukaa bure. Nilijiona nina akili sana.

Jumamosi nilimbembeleza mpaka akakubali kwenda, mara ya mwisho, akaage. Nilikaa nyuma yake kwenye kiti, kikapu changu cha kushonea mapajani, mikono yote miwili ndani ya kikapu kama mtu anayetafuta sindano. Rimoti ya pili ilikuwa humo, antena nimeikata fupi. Alipowasha, gari likaondoka. Mimi ndiye niliyeliondoa. Nilimtazama mabega. Baada ya miaka ishirini na sita najua anataka kona gani kabla vidole vyake havijajua. Gari lilipita mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tano, bila kugusa ukuta. Akageuka, uso umechanua, akasema kwa sauti ya juu, "Bibie, umeona?"

"Nimeona, mzee," nikasema. "Endelea, usijisifu."

Nilisema ni mara moja tu. Jumamosi iliyofuata nikasema ni mara moja tu tena. Mnajua mambo haya yanavyokwenda.

Zilikuwa Jumamosi kumi na moja. Alirudi kula. Alirudi kunitania kwamba nakoroma. Aliwaeleza wenzetu kwamba mkono hutetemeka ukiwa hauna kazi, ila ukipewa kazi ya maana unatulia wenyewe, na Mwenyekiti alitikisa kichwa kwa heshima kama aliyesikia hotuba. Hakuna aliyetazama vidole vyake; katika mchezo huu watu wote hutazama gari. Mimi nilikuwa nimemvika kilemba cha ukoka na kinampendeza, na nyumba yangu ilikuwa na kicheko. Sitasema uongo, nilikuwa na furaha. Nilikuwa na furaha kuliko yeye.

Kisha, Jumatano ya wiki ya kumi na moja, alirudi nyumbani amekata nywele.

"Nimempigia tajiri," akasema. "Jumatatu narudi kazini."

Sindano ilinichoma kidole. "Kazini kufanya nini?"

"Kufanya nini! Kuuza maandazi? Kutengeneza saa, bibie. Amenitunzia meza yangu. Ameniwekea saa tatu za wateja, za zamani, hataki kumpa mtu mwingine."

"Na mikono?"

"Unaniuliza wewe, unayeniona kila Jumamosi?"

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Nilikuwa na Jumatano nzima, Alhamisi nzima na Ijumaa nzima. Nilijua Jumatatu ataketi mbele ya vijana aliowafundisha, atafungua saa ya mtu, na skrubu zitaruka sakafuni. Ijumaa wakati wa chakula cha mchana nilipiga moyo konde, nikaweka kijiko chini, nikaanza, "Mzee, kuna jambo." Akainua uso, ametulia, anasubiri. Nikamwambia kola ya shati lake la kazi imechakaa, nitaigeuza. Niliigeuza jioni ile ile. Nikajiahidi kumwambia Jumapili.

Jumamosi ilikuja na mgeni. Mpima ardhi, amehamishiwa mjini, mpole, ana gari moja la bluu alilolifunga kwenye taulo kama mtoto mchanga. Mwenyekiti alimsomea sheria, yeye akaenda kwenye ubao akasema, "Mimi natumia mbili," akachukua kile kibanio kilichopauka.

Nilikuwa namimina chai, mgongo wangu kwao. Sikuona. Nilirudi kitini, nikaingiza mikono kikapuni, mume wangu akawasha, mgeni akawasha, na gari la bluu likaruka kama lililopigwa kiboko. Lilimkosakosa Mama Betri kifundo cha mguu, likajipigiza ukutani, taa moja ikang'oka. Mgeni aliishika rimoti yake kwa mikono miwili akisema, "Si mimi! Jamani, si mimi!"

"Simamisheni wote!" Mwenyekiti akapaza sauti. "Kuna mtu yuko kwenye chaneli ya mbili!"

Chama chetu kina utaratibu wake kwa jambo hili. Magari husimama, rimoti hubaki zimewashwa, kisha huzimwa moja moja kuanzia kwa mkubwa, ili aliyekosea asione kwamba ameshukiwa. Mkubwa ni mume wangu. Kama ningekuwa mwanamke jasiri ningesimama pale pale nikapiga kelele, hata nikaanguka makusudi. Nilibaki kitini, mikono ndani ya kikapu.

Mwenyekiti alimwambia mgeni azime kwanza ya kwake. Akazima. Gari la bluu halikutulia. Lilibaki pale chini ya ukuta, magurudumu ya mbele yakitikisika, kushoto kulia, kushoto kulia, upesi upesi. Mume wangu akazima ya kwake, akicheka, akisema hiyo ni kupoteza muda, yeye ni wa tano na kibanio hiki hapa. Magurudumu yakatulia.

Alikunja uso. Akawasha tena. Magurudumu ya gari la mgeni yakaanza tena, kushoto kulia, kushoto kulia. Watu wote tulikuwa tunayatazama. Naye aliyatazama, kisha akashusha macho kwenye vidole vyake vilivyoshika usukani wa rimoti, kisha akayatazama tena magurudumu. Ulikuwa mtetemeko uleule. Kila mtikisiko mdogo wa kidole chake gumba ulikuwa pale chini, mbele ya kila mtu, ukichezesha tairi mbili za mtu asiyemjua.

Gari letu lilikuwa limesimama katikati ya uwanja. Alisukuma mbele kijiti cha rimoti, gari la bluu likasukuma ukuta. Letu halikujongea.

"Nifungulieni hii," akasema.

Mwenyekiti alichukua bisibisi, akafungua kifuniko cha nyuma. Akakitazama kile kidude muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma namba moja.

"Mbili," akasema kwa sauti ya chini.

Mume wangu ni fundi saa. Hajawahi kuhitaji kuelezwa mashine mara mbili. Aligeuka, akanitazama usoni, kisha akakitazama kikapu.

"Mke wangu," akasema. Huwa haniiti hivyo. "Tano iko wapi?"

Niliitoa rimoti kikapuni, na nyuzi mbili za pazia zilizonasa kwenye antena. Mama Betri akasema, "Jamani, jamani," akageukia upande wa pili akijifuta macho. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

"Mara ngapi?"

"Zote," nikasema. "Tangu siku ile ya kuaga."

"Na ile mizunguko ishirini ya mwezi uliopita? Nilipompigia binti simu?"

"Mzee, nilitaka tu..."

"Nauliza kama nilikuwa mimi."

"Hapana," nikasema. "Nilikuwa mimi."

Alitingisha kichwa taratibu, kama mteja aliyeambiwa saa yake haitengenezeki. Akachomoa kibanio namba tano kwenye antena, kikamdondoka, akainama kukiokota, kikamdondoka tena. Mgeni alitaka kumsaidia, Mwenyekiti akamzuia kwa mkono. Alikiokota mara ya tatu, akakirudisha kwenye ubao mwenyewe.

Nyumbani sikusubiri kuulizwa. Nilimwomba msamaha sebuleni, nikamwomba jikoni, nikamwomba mlangoni mwa chumba cha binti. Nilimwambia alikuwa anakufa huku namwona, ningefanya nini? Alinisikiliza mpaka mwisho, hajawahi kunikatiza maneno maishani mwake.

"Ningezoea ule ukuta," akasema. "Pole pole ningezoea. Sasa umenifanya nishindwe mara mbili."

Halafu akampigia tajiri wake, simu ameikumbatia kwa mikono yote miwili. Nilimsikia akisema, "Jumatatu siji. Hapana, hakuna aliyefariki. Saa za wateja mpe kijana." Shati nililogeuza kola lilikuwa limening'inia nyuma ya mlango. Nililitoa nikalikunja, nikiwa nalia kwa hasira, na hasira yenyewe sikujua nimpe nani zaidi ya mimi.

Huu ni mwezi wa nne sasa. Hajauza magari. Hayagusi. Mwenyekiti huja kumsalimia, mgeni huja naye, wanaongea habari za betri na mota, na mimi nawaletea vikombe na kuondoka. Ameninunia? Hapana, na hilo ndilo linaloniumiza. Ni mpole. Ananiambia asante kwa kila kitu. Tunalala kitanda kimoja kama abiria wawili waliokata tiketi za kiti jirani.

Daktari alimbadilishia vidonge mwezi uliopita, na kuna asubuhi nzuri na asubuhi mbaya. Jana ilikuwa nzuri. Tulikuwa mezani, sote wawili, akachukua birika mwenyewe. Nilijikaza kisabuni nisimsaidie. Alimimina chai mpaka ukingoni mwa kikombe, taratibu, na halikumwagika hata tone moja mezani. Nilitaka kupiga vigelegele. Yeye hakukitazama kikombe wala hakunitazama usoni. Alitazama kwanza mikono yangu iko wapi.

Nikaiinua yote miwili juu ya meza, aione.