Uchungu wa Mumunye

Kandida alikiacha kijiko mdomoni, macho yamemtoka, kama mtu aliyejiuma ulimi ugenini.

"Baba, mumunye hili ni chungu," alisema.

Mzee Lemayian, baba mkwe wake, baba wa mumewe Lesian, alikuwa ameketi kando mlangoni kama heshima ya ukwe inavyotaka. Tangu asubuhi alitembea kwa madaha. Mkwewe, na mimba yake kubwa, alikuwa ametoka Sakina mjini hadi kijijini Nduruma kuangalia kama anaweza kuja kujifungulia hapa, mjukuu wa kwanza akalelewe penye ng'ombe badala ya moshi wa mabasi. Mzee alilitaka jambo hilo kuliko alivyowahi kutaka mvua.

"Chungu ndiyo dawa," alisema. "Nyie wa mjini mmeharibiwa na soda. Mimi nimekunywa supu ya mizizi, mwanangu, chungu hata nzi aliyepita juu ya mvuke akadondoka. Kesho yake fimbo yangu ikachipua majani."

Kandida alicheka kidogo. Mama mkwe, Naipanoi, hakucheka. Alikuwa ameonja jikoni akatema.

"Baba Lesian, mwache. Mbegu niliitoa kwenye mumunye la mwaka jana, lile lililotambaa pamoja na kibuyu kichungu kilichoota zizini. Nyuki wamechanganya chavua."

"Nyuki wanajua nini? Chakula cha mgeni hakirudi jikoni." Akamgeukia mkwewe, sauti ikalainika. "Maliza, mama. Usituone wachafu."

Neno hilo la mwisho ndilo lililomfunga. Kandida akameza, kijiko baada ya kijiko, machozi yakimlengalenga, na mzee, naye akila lake, akamtazama kwa raha ya mtu anayemwona ndama mgeni akikubali kunyonya.

Vyombo havijakauka, Kandida alikuwa amejikunja uani, anatapika, anaharisha damu. Mzee naye alikuwa chooni, mizizi yake ya miaka yote imemkana.

Hospitalini daktari alieleza bila kupandisha sauti. Mumunye likiwa chungu namna ile, sumu ni yake lenyewe, hakuna aliyeitia. Mtoto anacheza, mama ndiye aliyekaukiwa maji. Mzee angeshukuru kama kungekuwa na aliyeitia. Alimtafuta adui wa kumtwisha, akawapata nyuki tu.

Kandida aliporuhusiwa kula, mzee alimpelekea uji alioukoroga mwenyewe, kwa mikono ambayo haikuwahi kushika mwiko. Njiani alikuwa ametunga kisa cha jinsi alivyoshindana mbio na sungura kuelekea chooni. Alijua mkwewe angecheka.

Alimimina kikombe. Kandida akakipokea kwa mikono miwili, akanusa, kisha akamrudishia.

"Anza wewe, baba."

Sauti yake haikuwa na kejeli, na hilo ndilo lililouma. Mzee akapiga funda, akameza, akafumbua kinywa kidogo kama mtoto anayeonyesha kwamba dawa imeshuka.

Kandida alilitazama koo lake. Kisha akaweka mkono tumboni, akangoja, na juu ya uji utando ukaanza kushika.